Ufunguo wa Chumba Namba Sita

Ijumaa ikifika saa kumi jioni, lifti za mlimani zikishasimama, chumba cha mabuti pale Zirmegg, nyumba ya wageni wa skii, hunuka kama ghala la jibini. Watoto kumi na wanane na wazazi wao huvua mabuti ya skii kwa wakati mmoja, na hakuna pua ya mgeni, hata awe daktari wa Vienna, iliyowahi kuizoea harufu ile. Burgi, binti wa mwenye nyumba, alikuwa ameizoea. Alizaliwa ghorofa moja tu juu yake, na sasa, ana miaka arobaini na miwili, bado alikuwa akigeuza mabuti ya watu kichwa chini kwenye mabomba ya moto, moja baada ya jingine, ili kesho wenyewe wayafungashe makavu.

Siku hiyo jozi moja aliigeuza mara tatu.

Ilikuwa jozi kubwa nyeusi, namba arobaini na sita, mali ya Enno Harms wa chumba namba sita. Enno alikuwa mwoka mikate, anatoka kaskazini kabisa mwa Ujerumani, kule ambako ardhi imelala kama shuka lililopigwa pasi. Wiki nzima Burgi alikuwa amemhudumia kama mgeni mwingine yeyote. Alimuuliza supu au saladi. Alimuuliza kama mto wa kulalia unamtosha. Jumatano alimuuliza supu au saladi mara mbili ndani ya dakika tano, na baba mmoja wa meza ya jirani akacheka ndani ya leso.

Lawama zote alizitupia simu. Mwezi wa kumi na moja mama yake Enno, Bi Theda, alipiga akaomba wiki yao ile ile ya zamani na chumba kile kile, ambacho mwaka huo kilikuwa kimebaki wazi, watu wawili. Burgi akaandika bila kuuliza huyo wa pili ni nani. Alidhani ni mjukuu. Basi Jumamosi gari likasimama uani, mlango wa dereva ukafunguka, na trei aliyoishika Burgi yenye glasi kumi na mbili ikabaki na glasi nne.

Miaka ishirini na miwili walikuwa hawajaonana. Nywele za Enno zimeanza mvi juu ya masikio, mikono ina makovu ya oveni mpaka kwenye kiwiko, lakini namna ya kushuka garini ni ile ile: anatanguliza mguu, anasimama, anatazama juu mlimani kwanza kabla ya kumsalimia mtu.

Zirmegg ni nyumba ya mbao ya vyumba kumi na moja, na tangu enzi za babu kila wiki ya baridi ina wenyewe wake. Wiki ya tatu ya Februari ilikuwa ya kina Harms. Walikuja Enno akiwa na miaka mitano, hajawahi kuona kilima, wakaja Februari kumi na saba mfululizo, na kila mara Bi Theda alibeba majani yake ya chai na sukari yake ya mawe. Mama yake Burgi, Mama Zenzi, aliihesabu chai hiyo kama tusi. Kila mwaka alimuuliza kama na maji pia amekuja nayo.

Burgi na Enno walipatana kwa sababu ya urefu. Lifti ya zamani ilikuwa ni waya unaopita juu na vibao vilivyoning'inia. Mnasimama wawili juu ya skii zenu, kibao kinawashika nyuma ya mapaja, kinawakokota mpaka kileleni. Ukipanda na mtu asiye saizi yako, mmoja anakokotwa kwa magoti na mwingine kwa mabega. Wao walikuwa saizi moja, kwa hiyo mwalimu wa watoto aliwapandisha pamoja. Mwaka wa kumi na moja Enno akarefuka ghafla kama mnazi. Kibao kikawa kinamgonga magotini na kumbana Burgi mgongoni, mwalimu akawaambia watafute wenzao wanaolingana. Hawakutafuta. Walipanda hivyo hivyo kwa miaka mingine sita, Enno amekunja miguu kama panzi, Burgi ameinua visigino, na wote wawili wakiapa kwamba wako vizuri kabisa.

Mwaka wa mwisho Enno alikuja na mama yake tu. Baba yake alifariki mwezi wa kumi na moja, akaacha duka la mikate na mtoto mmoja wa kuliendesha, kijana wa miaka ishirini na moja. Alhamisi, kule juu lifti inapowaachia, Enno alimwambia Burgi kwamba anataka kumwoa, ila hajui watakaa wapi, maana yeye ana oveni na Burgi ana nyumba. Burgi alikuwa na miaka ishirini. Alisema, "Mwakani rudi. Utanikuta na jibu."

Jibu alikuwa nalo tayari. Alitaka tu liive mdomoni.

Jumamosi Enno akaondoka. Mwakani hakurudi.

"Hayo yameshakauka," ilisema sauti mlangoni mwa chumba cha mabuti. "Ukiyageuza tena yatatoka mikate."

Enno alikuwa na soksi za sufu tu miguuni, moja imetoboka kwenye kidole gumba. Mchana kutwa alikuwa ameshika saa ya kupima mbio kwenye mashindano ya skii ya watoto, na bado kamba yake ilikuwa shingoni.

Burgi hakugeuka. "Mgeni haingii huku saa za kazi."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Enno akakaa kwenye benchi. Alikaa kama mtu aliyekuja na hotuba, halafu hotuba ikamtoroka kwenye ngazi. Akaanza kwa mbali: akasifu theluji, akasifu mabomba, akaeleza kwamba alioa na ndoa ikaisha miaka saba iliyopita bila ugomvi mkubwa, mke alichoka kulala na mtu anayeamka saa nane usiku kukanda unga. Burgi akasema pole. Mabuti yalikuwa yakidondosha maji.

"Kesho saa nne tunaondoka," Enno akasema. "Sasa nikiondoka bila kukuuliza nitakuwa mjinga mara mbili. Kwa nini ulinikataa?"

Burgi akageuka na buti mkononi. "Nani amekukataa?"

"Wewe."

"Enno, usinichezee. Wewe ndiye hukurudi. Na uliondoka umeshasema kwamba hurudi."

"Nilisema kwa nani?"

"Ulitoa ufunguo mkononi."

Enno alimtazama kama anayesubiri sentensi iishe.

Burgi akaiona sura hiyo. Akaweka buti chini. Akamweleza jambo ambalo hakuwahi kudhani linahitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyewahi kulala Zirmegg. Jumamosi ya kuondoka, anayerudi mwakani huutundika ufunguo wake mwenyewe kwenye msumari wa chumba chake, pale koridoni. Haandiki kitu, hatoi chochote. Akishautundika, chumba ni chake, hata aje mfalme. Asiyerudi humkabidhi mwenye nyumba mkononi, wanaagana, na wiki ile hupewa familia nyingine. Ndivyo ilivyokuwa enzi za babu, ndivyo ilivyo leo. Siku Enno alipoondoka, yeye alitoka jikoni akaukuta msumari wa namba sita mtupu, na ufunguo uko kwenye mfuko wa aproni ya mama yake.

"Nilidhani ni adabu," alisema Enno polepole. "Hotelini si unarudisha ufunguo mkononi?"

"Hapa si hotelini. Miaka kumi na saba umekuja hapa, hujui?"

"Baba ndiye alikuwa anaurudisha, Burgi. Jumamosi zote mimi niko nje nakwangua barafu kwenye vioo vya gari. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuushika." Akaipitisha mikono usoni. "Nilijisikia mtu mzima. Nikamwambia mama yako asante kwa kila kitu."

Burgi alicheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimtoka kifupi, kikavu, na mwisho wake hakikuwa kicheko tena. Akakaa kwenye benchi, mbali naye kidogo.

"Nilipiga simu," Enno akasema. "Mwezi wa kwanza, niwaambie tunakuja. Nikaambiwa chumba kimechukuliwa. Mimi nilijua kitu kimoja tu kuhusu nyumba hii, kwamba mwenye wiki yake hanyang'anywi. Nikasema basi, hilo ndilo jibu lako. Umeona aibu kulisema mwenyewe."

"Uliongea na nani?"

Enno akatazama upande wa jikoni. Hakukuwa na haja ya kutaja jina. Simu ya Zirmegg, miaka ile, ilikuwa na mpokeaji mmoja: Mama Zenzi.

Mama Zenzi alikuwa jikoni, ana miaka sabini na minane na nyonga moja ya chuma, amekaa akiviringa madonge ya mkate na nyama kavu kwa ajili ya supu. Kando ya dirisha Bi Theda alikuwa na birika lake. Wanawake hao wawili walikuwa wamebishana wiki nzima kwa raha ya watu waliokosa mtu wa kubishana naye kwa miaka mingi, na Burgi alipoingia mada ilikuwa ni kama maziwa yanatangulia kikombeni au yanafuata.

"Mama," alisema Burgi, "Enno alipiga simu?"

Mikono ya Mama Zenzi ikasimama. Hakuuliza Enno gani, wala lini. Donge aliliweka kwenye sinia, likakaa upande.

"Alipiga."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia." Akafuta vidole kimoja kimoja. "Kaka yako alikuwa ameshahamia mjini kwenye waya zake za umeme. Baba yako kifua kimeshaharibika. Nyumba vyumba kumi na moja, na mimi nina wewe. Yule kijana aliponiwekea ufunguo mkononi nilimtazama machoni nikaona hajui. Alikuwa anatabasamu. Anayeaga moja kwa moja hatabasamu vile. Ningesema neno moja tu, mwanangu, utundike mwenyewe. Neno lilikuwa hapa." Akagusa koo. "Nikalimeza."

Burgi alitaka kukasirika kwa sauti, lakini mama yake alikuwa mdogo sana kwenye kile kiti. Akabaki kushikilia meza. Miaka yote ile alikuwa amejiambia kwamba Enno alipenda Februari tu, si yeye. Alikuwa ameikataa pete ya mwalimu mmoja wa skii, mtu mzuri, kwa sababu kila alipomtazama alimwona ana urefu usio sahihi.

"Usimwachie Zenzi mzigo wote," alisema Bi Theda kule dirishani.

Wakageuka. Hata Enno, aliyekuwa amesimama mlangoni na soksi zake, akageuka.

"Mimi nilikuwa koridoni, nimeshavaa koti," alisema Bi Theda. "Mume wangu ameutundika ufunguo ule mara kumi na sita mbele ya macho yangu. Siwezi kusema nilikuwa sijui. Nikaona mwanangu anautoa mkononi, nikamwangalia Zenzi, Zenzi akaniangalia. Mimi mjane wa miezi mitatu, nina duka, nina mtoto mmoja, na huyo mmoja wiki nzima anatazama mlima kama mtu aliyepata nyumba." Akazungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na chai. "Miaka yote hatujawahi kukubaliana kitu mimi na huyu mama. Siku hiyo tulikubaliana bila kufungua mdomo."

"Kwa hiyo ndiyo sababu tumekuja," Enno akasema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Uliniambia ni magoti yako, unataka hewa ya mlimani mara ya mwisho."

"Magoti yangu hayana shida yoyote. Nilikuona Pasaka unakula mkate wa jana, peke yako, umesimama. Mwoka mikate." Bi Theda akakiweka kijiko chini. "Sikuweza kuvumilia tena."

Kutoka sebuleni zilisikika sauti za watoto wakigombea karibu na jiko kubwa la vigae la kupashia nyumba joto. Burgi alichukua sinia la madonge, akayatumbukiza kwenye maji yanayochemka, maana watu thelathini na sita wangekula saa kumi na mbili na nusu iwe dunia imepinduka au haijapinduka. Enno akaenda kuvaa viatu. Hakuna aliyemuuliza mtu supu au saladi jioni ile. Wote walipata supu.

Jumamosi pale Zirmegg ni vita. Saa nne wa zamani wanatoka, saa tisa wapya wanaingia, na katikati kuna vitanda arobaini. Kuanzia alfajiri Burgi alikuwa akivua mashuka. Hakuwa amelala vizuri. Alishajipangia maneno: atamwambia Enno kwamba hawadaiani kitu, kwamba umri umeenda, kwamba aandike barua. Alikuwa chumba namba nne na mto katikati ya meno, anavalisha foronya, Enno alipoingia.

"Toa mto mdomoni," alisema Enno. "Nataka kusema kitu na sitaki nijibiwe na kitu chenye manyoya."

Burgi akautoa.

"Sikuombi uhame. Fundi wangu mkuu anaweza kuendesha duka hata nikifa, na ananikumbusha kila wiki. Kwani huku hamli mkate?"

"Tunakula. Wa dukani, kama sponji."

"Nimeuonja. Nimeuvumilia kwa ajili yako siku saba." Akameza mate. "Lakini sitaki uniambie ndiyo kwa sababu roho zinawauma mama zetu. Wewe unamjua kijana wa miaka ishirini na moja. Huyu hapa hujawahi kuona anaishi vipi. Ningependa uone. Si leo, najua leo ni Jumamosi. Siku yoyote."

Burgi akajua kwamba siku yoyote haitafika. Kuna wiki ya nne, halafu Machi, halafu ng'ombe wanapanda malishoni, halafu watembea milima, halafu theluji tena. Ndivyo miaka ishirini na miwili inavyopatikana. Alifungua mdomo kutoa maneno aliyoyapanga, na ndipo kelele zikapanda kutoka uani.

Walishuka mbio. Bi Theda alikuwa amesimama kando ya gari, mkoba mkononi, anakataa kuingia. Mama Zenzi alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, anamgombeza kwamba amechelewa, viazi havijimenyi. Baba mmoja aliyekuwa anafunga skii juu ya gari lake aliacha kufunga ili asikilize vizuri.

Ilichukua muda kuelewa. Wale wazee wawili walikuwa wameshapanga kila kitu baada ya kifungua kinywa. Bi Theda anabaki wiki moja, na kiti chake garini kinakuwa cha Burgi. Atalala kwa Mama Zenzi, upande wa kitanda ambao umekaa mtupu tangu babake Burgi afariki.

"Ninakoroma," Bi Theda alimwonya.

"Sikio langu la upande huo halisikii," alisema Mama Zenzi. "Ila chai yako hiyo haitapanda mezani kwangu."

"Tutaona."

Burgi akaanza kuhesabu: mashuka, watoto wachanga watatu wa wiki mpya, bomba la bafu la namba tisa, mkate. Mama yake akamsikiliza mpaka akaishiwa pumzi.

"Msichana wa kijijini anakuja saa tano, kaka yako nimempigia, anakuja jioni, mwache abebe kuni, hajabeba miaka kumi. Jumamosi ijayo saa tisa uwe umesimama hapa nilipo." Kisha akasogea, akaikamata kola ya sweta la binti yake, akainyoosha ingawa ilikuwa imenyooka. Sauti ikashuka, ikawa ya watu wawili. "Wiki moja siyo miaka ishirini na miwili. Najua. Ndiyo niliyo nayo."

Burgi alimtazama mama yake. Hasira bado ilikuwepo, imekaa pale pale ilipolala jana, na alijua itakaa muda. Akambusu kwenye paji la uso hivyo hivyo, pamoja na hasira yake. Kisha akapanda ngazi mbili mbili, akarudi na begi ambalo zipu yake imeuma mkono wa gauni.

"Nakuja kuangalia," alimwambia Enno, gari likiwa katikati yao. "Sijasema nakuja kukaa."

"Kwani mimi nimesema kitu?"

"Uso wako umesema. Endesha."

Gari likashuka taratibu, minyororo ya magurudumu ikikwaruza kwenye theluji. Chini ya nyumba kuna kona yenye kanisa dogo la mbao. Kila Februari, akiwa na miaka minne, akiwa na kumi, akiwa na ishirini, Burgi alisimama dirishani ghorofa ya pili akatazama kona ile ikilimeza gari la kina Harms, na kila mara alibaki pale mpaka kioo kiote ukungu wa pumzi yake. Hakuwahi kujua kwamba ukiwa ndani ya gari mambo huwa kinyume. Aligeuka akatazama nyuma. Ukuta ukapotea kwanza, halafu dirisha lile, halafu paa, halafu moshi. Gari lilikuwepo bado, lina joto, linanuka unga.

"Unalia?" Enno akauliza.

"Tazama barabara," alisema Burgi. "Nipo."